Kamba ya Juu

Mdogo wangu mpendwa Sista Leokadia,

Mimi kaka yako Santiyagu Tissera nina miaka themanini na miwili. Nimeishi kuliko mke wangu, kuliko ndugu zetu wote ila wewe, kuliko maparoko ambao hata majina yamenitoka, na kuliko minazi niliyoipanda kwa mkono huu. Nimeishi pia kuliko Anselem, mwanangu wa pekee, na hilo sikuliomba.

U hali gani huko utawani? Magoti bado yanakusumbua? Mimi macho mazima, meno ndiyo yameniaga. Naandika mwenyewe, usicheke mwandiko. Niliishia darasa la pili, lakini la enzi zile, si haya ya siku hizi.

Barua yako nimeisoma. Unasema umesikia nimemwacha Kristo, kwamba siku za mwezi mpevu navaa nguo nyeupe naenda hekalu la Wabuddha, na kama ni kweli nisikutarajie kwenye Misa ya mwaka ya Anselem Jumamosi ijayo. Leokadia, umebaki wewe tu duniani unayeikumbuka sura ya mama yetu. Usiponijia siku hiyo nitasimama peke yangu. Kwa hiyo tulia, nikueleze.

Unajua nilikuwa mgema wa namna gani. Kutoka hapa mpaka Kalutara hakuna aliyetembea angani kama mimi, mnazi hadi mnazi, miguu kwenye kamba ya chini, mkono kwenye kamba ya juu, chungu cha tembo kiunoni, na wapita njia wanasimama midomo wazi. Anselem nilimfundisha mwenyewe. Asubuhi ile mvua ilikuwa imenyesha. Kamba ya juu ikakatika. Nilikuwa chini, namkosoa kama kawaida yangu, nikaona yote.

Tangu siku ile Baba Yetu ikanishinda. Nasema vizuri mpaka “ufalme wako ufike”, halafu “utakalo lifanyike” haitoki, ulimi unakauka kama gome. Padri Klemens alikuja akaniambia tumwachie Mungu. Nikamjibu kwamba Mungu huyo basi na apande minazi mwenyewe. Hakukasirika. Alikunywa chai yake akaenda.

Kusum, mkwe wangu, ni Mbuddha, unamfahamu. Mumewe alipotimiza miezi mitatu kaburini, alitaka kuwalisha watawa wa hekalu kwa ajili yake, kama wafanyavyo wao. Nikaenda hekaluni kugombana. Nilimwambia yule mtawa mzee, Mheshimiwa Sumedha, kwamba mwanangu alikufa Mkristo, amwache. Akanikaribisha kwenye mkeka, akaniuliza, eti mzee, ulipokuwa juu, kamba ya mkono uliishikaje? Mimi nikiulizwa hayo sinyamazi! Nikamwambia mwanagenzi huikaza kwa hofu, na akiikaza tu zote mbili zinatetemeka. Fundi huigusa, mkono wazi, kama anayemshika mtoto begani. Yule mtawa akacheka mpaka akajifuta machozi. Akasema, wewe mtu, mimi hayo nimeyasoma miaka hamsini, na wewe umeyajua ukiwa na chungu kiunoni.

Basi nikawa narudi. Alinifundisha kukaa kimya na kuiangalia pumzi, nione jinsi moyo unavyong'ang'ania. Alinifundisha kwamba kila kilichozaliwa kitavunjika, na kwamba nusu ya maumivu yangu ni kifo cha Anselem, na nusu ni ngumi yangu iliyofungwa. Migel muuza tembo akanitania barabarani, “Mzee Santiyagu, lini unanyoa? Au kichwa kimeshajinyoa chenyewe?” Nikamwambia anyoe kwanza maji anayotia kwenye tembo.

Siku moja, kwa uchungu, nilimwambia mtawa nitaivua rozari. Loo, alinigombeza! Nani kakuomba? Akaniuliza Yesu wangu alisema nini bustanini usiku wa kukamatwa. Nikababaika. Mimi, Leokadia! Mimi niliyeimba nyimbo za mateso kila Kwaresima, sauti yangu ikiliza parokia nzima! Nilikuwa naimba huku natazama nani analia. Maneno sikuwahi kuyasikia.

Ijumaa Kuu mwaka huu nilikaa nyuma, sikuimba. Nilikaa nikiangalia pumzi, kama nilivyofundishwa. Wakasoma, “si kama nitakavyo mimi, bali kama utakavyo wewe.” Nikamwona amelala kifudifudi chini, anatoka jasho, hataki kufa, na mkono anaufungua hivyo hivyo huku anaogopa. Miaka themanini nilimchukua kama mtu aliyepanda juu bila kutetemeka. Nililia kwa kelele, Padri akasita kusoma.

Sasa lile ambalo hujasikia, na naliandika mwenyewe kabla hawajakuletea wengine. Wiki iliyopita Kusum aliwalisha watawa kwa kutimia mwaka. Mwishoni familia hushika birika pamoja na kumimina maji kwenye kikombe mpaka kifurike, watawa wakiomba, ili wema uliofanywa umfikie marehemu. Walipolishwa ile ya miezi mitatu nilikataa kulishika. Safari hii nilishika. Kikombe kilipojaa na maji yakaanza kumwagikia sahanini, mdomo wangu ukafunguka wenyewe, nikaisali Baba Yetu kwa sauti, mbele ya watawa wale wote. Nilipofika pale, nikapita. Utakalo lifanyike. Hapo ndipo Anselem aliponitoka mikononi kama yale maji, nikaumia kuliko siku aliyoanguka. Bado naumia ninapoandika. Lakini nimesali, dada, na nasali kila asubuhi.

Kama huko ndiko kumwacha Kristo, usije. Kama sivyo, panda basi la Ijumaa, Kusum atakupikia wali na samaki unavyopenda. Wasalimie masista wote, na mama mkuu umwambie mimi ndiye yule kaka mwenye sauti.

Hutaki kuniamini, muulize Padri Klemens nililiaje Ijumaa Kuu. Muulize Mheshimiwa Sumedha kama aliwahi kuniomba nimwache Yesu. Na zaidi muulize Kusum, maana mkono wake ulikuwa juu ya wangu. Atakwambia kama lile birika lilitetemeka.

Kaka yako akupendaye,
Santiyagu Tissera, mgema