Mawe Marefu ya Nyumba ya Suntali

Jumapili, tarehe 5 mwezi wa Mangsir

Siku ya kwanza ya mafunzo ya uashi. Miaka thelathini na mmoja nimejenga kuta za kijiji hiki, leo nimekalishwa kwenye benchi la watoto wa darasa la pili, magoti karibu yaguse kidevu. Bila cheti hakuna kujenga. Ndivyo ilivyoamriwa baada ya tetemeko.

Mwalimu ni binti! Pabitra, katoka nchi ya bondeni, sidhani kama ametimiza miaka ishirini na saba. Kofia ya plastiki ya njano, viatu vya ngozi. Fundi mwenzangu Tularam akanong'ona kwa sauti ya kusikiwa na wote: huyu labda atatufundisha kufunga kamba za viatu. Tukacheka. Madam naye akacheka, kisha akamuuliza: nyumba ngapi ulizojenga bado zimesimama? Kicheko kikakatika.

Mimi hakuniuliza. Afadhali. Nilijenga ishirini na tatu. Zimesimama nne, na mbili kati ya hizo ni mabanda ya nyati wa maziwa.

Tuko kumi na wanne, wanawake watatu. Mmoja ni Suntali, mke wa Kaluman. Sikujua kama atakuja. Amekaa mbele kabisa. Zamani aliniita mjomba. Siku hizi ni Fundi. Basi.

Jumatatu, 6 Mangsir

Udongo, uzi, timazi. Mambo ninayoyajua hata nikifumba macho. Madam aliniita mbele nionyeshe kupanga kona. Nikapanga. Akasema: tazameni mkono wa baba huyu, huu ulizaliwa na mwiko. Wakapiga makofi.

Suntali hakupiga. Alikuwa anaandika. Au alijifanya anaandika.

Mke wangu kauliza kwa nini sili. Nikasema mgongo.

Jumanne, 7 Mangsir

Leo madam kaleta meza ya ajabu—ubao juu ya springi, una mpini pembeni. Juu yake vijumba viwili vya vijiwe, kila kimoja kama kreti ya soda. Kwa nje ni pacha. Chagueni nyumba mtakayolala, akasema. Tularam akachagua ya kushoto, eti imenyooka zaidi. Madam akashika mpini, akatikisa.

Ya kushoto ilivimba tumbo. Kisha uso wake wa nje ukabanduka wote kwa pamoja, kama ganda la yai la kuchemsha, na paa likashuka ndani. Ya kulia ikapata ufa. Basi, ufa tu.

Madam akaeleza: ukuta wa mawe ni kuta mbili zilizogeuziana migongo, katikati kokoto. Kinachozifunga ni jiwe refu, litoke uso wa nje lifike uso wa ndani. Kila kimo cha goti, kila hatua mbili, jiwe moja. "Bila jiwe hilo," akasema, "hizo kuta ni majirani tu, si ndugu."

Tularam akashika kichwa: jamani, mbona hatukuambiwa! Na ni kweli, yeye hakuambiwa. Alijifunzia kwenye vibarua vya barabara. Lakini mimi! Mimi marehemu baba alinionyesha nikiwa na miaka kumi na minne. Alinipiga kofi kwa kusahau moja.

Suntali akanyoosha mkono. Akauliza: kama fundi hakuyaweka, mwenye nyumba atajuaje, na ukuta umeshapakwa udongo? Madam akajibu hawezi kujua. Anajua fundi peke yake.

"Ahsante, madam." Akaandika. Hakugeuka nyuma.

Jumatano, 8 Mangsir

Basi niandike. Daftari hili walitupatia la kuandikia masomo. Na hili ni somo.

Mwaka niliojenga nyumba ya Suntali, Kaluman alikuwa ameshakwenda kazini Qatar. Suntali ana mimba ya miezi sita. Mawe marefu hayapatikani upande wetu, yako ng'ambo ya kijito, saa nzima kupanda. Desturi ni mwenye nyumba kubeba, fundi kupanga. Yeye abebe vipi na tumbo lile? Wanaume wa kumsaidia wako wapi? Na mimi nilishaahidi nyumba nyingine, nimalize kabla ya sikukuu ya Dasain.

Akaja na birika la chai. Maneno yake ninayo yote. "Mjomba, baba yangu alikuwa akiweka mawe yanayopita ukuta mzima. Hapa sijayaona hata moja."

Nikamwambia: "Mama, wewe angalia sufuria yako, ukuta niachie mimi."

Vibarua wakacheka. Nami nikacheka! Akachukua birika, akaondoka.

Ningeweza kwenda mwenyewe ng'ambo. Siku nne, tano. Basi! Siku tano, na Dasain ingenisubiri.

Nyumba ilipotimiza mwezi mmoja alizaliwa Junu. Nyumba na mtoto wakawa na umri mmoja. Siku ya tetemeko Junu alikuwa na homa, kalala ndani. Mama yake kashuka kuchota maji. Mtoto wa miaka minane.

Nilikuwa miongoni mwa waliofukua. Niliona jinsi ukuta ulivyolala—uso wa nje wote, mzima, kama mkeka. Nikajua kabla hatujamfikia mtoto. Nikafukua, nikanyamaza.

Alhamisi, 9 Mangsir

Mikanda ya mbao ya kuzungushia nyumba, chini ya madirisha na juu ya milango. Suntali anapiga msumeno vizuri kuliko Tularam. Mvua kidogo. Sina zaidi.

Ijumaa, 10 Mangsir

Ukuta wa mawe hujengwa na watu wawili, mmoja nje, mmoja ndani. Madam akatugawa wawili wawili. Mimi na Suntali! Madam si mtu wa hapa, hajui. Lakini darasa zima liligeuka kututazama, hata Tularam.

Nikasimama nje, yeye ndani. Tulipanga hadi kimo cha goti bila neno, ila "lete" na "hilo hapana". Anachagua jiwe kwa kuligeuza mara moja tu. Ana mkono.

Ikafika zamu ya jiwe refu. Alikuwa ameshalitenga. Akashika ncha moja, nami nyingine. Likanitoka tu:

"Suntali, nyumba yako sikuweka hata moja."

"Najua," akasema. "Si nilikuuliza?"

Nilitaka kuendelea. Akanikata: "Inua upande wako, linanilemea."

Tukaliweka. Madam akapita akasema ukuta wetu ni mzuri kuliko zote. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumapili, 12 Mangsir

Mtihani. Nimefaulu. Wote kumi na wanne tumefaulu. Picha imepigwa, vyeti vifuani. Tularam kacheza ngoma nzima peke yake uwanjani na madam akamshangilia. Katika picha mimi nimetazama pembeni.

Wakati watu wanatawanyika Suntali akanijia, cheti amekikunja ndani ya mshipi wa kitambaa kiunoni.

"Naanza kujenga nyumba yangu upya. Uso wa nje nitasimama mimi. Nahitaji mtu wa ndani."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikasema: unaniita mimi?

"Wengine wote wameshachukuliwa, Fundi. Usije ukadhani nimesamehe. Nakuita kwa sababu una mkono na hakuna mwingine."

Nikasema nitafikiri. Nitafikiri! Mtu mzima wa miaka hamsini na sita.

Jumatatu, 13 Mangsir

Nimemweleza mke wangu yote. Tangu birika la chai. Aliendelea kusonga sima ya ulezi hadi ikaiva, akanipakulia, ndipo akasema:

"Mwaka na nusu unaniambia mgongo, mgongo. Nikakukanda na mafuta ya haradali kila jioni. Kumbe nakanda uongo."

Nikamuuliza niende au nisiende.

"Usiniulize mimi. Mimi si ndiye wa kuangalia sufuria?"

Jumatano, 15 Mangsir

Jana na leo nimekwenda ng'ambo ya kijito, peke yangu, kamba ya mzigo kwenye paji la uso. Mawe marefu. Kila safari jiwe moja, mawili yakiwa membamba. Shingo haigeuki.

Nayashusha kiwanjani kwa Suntali. Leo jioni alisimama juu ya rundo akahesabu kwa kidole.

"Tisa," akasema. "Yanatakiwa thelathini na sita."

Akaingia kwenye kibanda chake cha mabati. Nilifikiri ndiyo basi. Akatoka na kamba yake. Kesho, akasema, twende wawili.

Alhamisi, 16 Mangsir

Tumeleta kumi na moja. Pale juu machimboni aliketi kupumua, akasema Junu alikuwa akiogopa vyura. Nikangoja aseme zaidi. Akajitwisha jiwe lake.

Ijumaa, 17 Mangsir

Saa nane mchana, kiwanjani. Nimekaa juu ya mawe, naandika.

Tumeshanyoosha uzi wa msingi. Nikachukua sururu nianze kuchimba. Suntali akaikanyaga.

"Bado. Kaluman hupiga simu Ijumaa, ndiyo siku yao ya mapumziko huko Qatar. Utazungumza naye."

"Nimwambie nini?"

"Ulichoniambia mimi. Pale ukutani."

Kwani hajui?

Hapo ndipo alipoketi. Kumbe alimwambia mumewe ni ardhi iliyoamua. Habari ya mawe hakumgusia kabisa. Kila Ijumaa Kaluman humfariji, humwambia usilie, hakuna aliyekosea. Naye huitikia.

"Siku ile nilichukua birika nikaondoka," akasema. "Ningesimama. Ningesimama tu pale pale, nikatae kuondoka, ungefanya nini?"

Nikamwambia kosa halikuwa lake hata chembe.

"Usinipimie wewe!"

Kisha nikamuuliza: na asipokubali nijenge?

"Utakwenda zako. Nitapanga nje, nitazunguka, nitapanga ndani. Nitachelewa, lakini sitaki ukuta wa pili wenye siri."

Nimekuwa nikijaribu maneno. Kaluman, mwanangu—hapana, mwanangu kwa lipi? Kaluman, ni mimi, Fundi Buddhiman. Unakumbuka mkeo alikuwa mjamzito. Alikuja na chai. Hapana, nianze na mawe. Au nianze na Junu? Siwezi kuanza na Junu.

Simu inaita ndani ya kibanda. Imeita sana. Suntali anatoka nayo, inaendelea kuita, hajaipokea. Anakuja huku, amenyoosha mkono. Anataka niipokee mimi.