Baba, Waya ya Radi Imekatwa

Baba yangu,

Miaka yote uliyokaa Kasenyi, kule ziwani, kila nilipokupigia simu ulikuwa na swali moja hata kabla ya salamu: "Mama, shule inasema nini?" Uliniita Mama kwa sababu ni mimi niliyebeba jina la mama yako. Nami nilikueleza: kalasi zimepakwa rangi, mwalimu wa kalasi ya kwanza amejifungua, mbuzi wa jirani ameingia tena na kula maua. Ulicheka. Hukuniuliza hata mara moja kama kuna mtu anayekutaja. Tangu tukuzike kule, sina mtu wa kumpa habari za shule, na leo zimenijaa kifuani. Acha nikusimulie.

Habari ya kwanza ni ya furaha. Kalasi yangu ya tano imeshinda mashindano ya imla ya shule zote za upande wetu wa Bunia. Imla ya Kifaransa, ile uliyotusomea polepole ukitembea katikati ya mabenchi, mikono mgongoni. Neema, msichana mwembamba ambaye wazazi wake walikimbia vita vya Djugu, na ambaye alinifikia hata kushika kalamu hawezi vizuri, aliandika ukurasa mzima bila kosa. Msimamizi aliisoma karatasi yake, akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaisoma tena. Tulirudi nyumbani kwa miguu tukiimba, na wamama wa sokoni wakatoka kwenye meza zao kutushangilia.

Komite ya wazazi ikaamua kwamba siku ya walimu, mwisho wa mwezi wa ine, Aprili, tuifanye sikukuu kubwa: gwaride, wali na nyama, muziki, wageni. Kusikia hivyo nilifurahi kama wengine. Lakini mwezi wa ine ni mwezi wa mvua, na mimi nikisikia sikukuu, komite na mvua katika sentensi moja, nakumbuka mkutano wako wa mwisho nao.

Unakumbuka vizuri kuliko mimi. Ulikuwa direkta wa shule hii, mimi nilikuwa bado msichana wa sekondari, na nilikaa dirishani kukungojea mkutano uishe ili turudi pamoja. Uliwaomba watu wa komite fimbo ya radi, ile ya chuma inayosimama juu ya paa, na waya ya shaba inayoshuka ukutani mpaka ndani ya udongo. Shule iko juu ya kilima, ulisema, mabati yako wazi, radi ilikwisha kupiga mikaratusi yote ya nyuma. Wao wakachagua kununua ngoma za gwaride. Ulisimama, kofia mkononi, sauti yako ikipasuka:

"Nimewaomba mara ngapi? Mutaona. Radi iko inakuja, na haitauliza huyu ni mutoto wa nani."

Haikupita wiki mbili. Radi ilipiga kalasi ya sita mchana, somo la hesabu likiendelea. Watoto wengi walianguka na kuamka. Amani hakuamka. Ulimbeba wewe mwenyewe mpaka kwa mama yake, na shati lako lilinuka moshi.

Jioni ile parsele yetu, kiwanja cha nyumba, ilijaa watu. Nilidhani wamekuja kulia na sisi. Ni Baba Zawadi, ambaye mpaka leo ni prezida wa komite, aliyeuliza kwa niaba ya wote: "Muzee, ulijua namna gani?" Ulianza kueleza habari za kilima na mabati, kwa utaratibu, kama unafundisha. Kwao, aliyeitabiri radi ndiye aliyeiita. Jiwe la kwanza likagonga paa letu kabla hujamaliza. Asubuhi ulipanda lori lililokuwa linateremka Kasenyi kuchukua samaki, umekaa juu ya makreti matupu, na hukugeuka kutuangalia. Siku zile nilidhani ni hasira. Sasa nadhani ulikuwa unatuficha uso wako.

Baada ya wewe kuondoka, komite ilinunua fimbo na waya. Waliifunga juu ya jengo lile lile la kalasi ya tano na ya sita. Hakuna aliyesema ni wewe uliyeiomba.

Basi. Siku ya kwanza ya juma la sikukuu, nilikwenda nyuma ya jengo kuanika kitambaa tulichoandikia majina ya washindi. Nikainua macho ukutani kutafuta msumari. Vibanio vya waya vilikuwepo, vimepangwa toka juu mpaka chini, lakini havikushika kitu. Waya ilikuwa imekatwa kimo cha mtu aliyesimama juu ya kiti. Kipande cha chini kimeondolewa chote, hata kwenye udongo mlikuwa na shimo dogo walipokuwa wameing'oa. Kipande cha juu kilibaki kinaning'inia kidogo. Na juu kabisa, fimbo ilikuwa bado imesimama, imeelekea mbingu.

Siku moja kule Kasenyi ulinichorea mchangani kwa kidole. Ulisema fimbo inaiita radi, waya inaipeleka chini. Ukiondoa waya na kuacha fimbo, umeita mgeni mkali na kumfungia mlango wa kutokea, atatokea popote. Nilisimama pale na kitambaa kikinidondokea maji miguuni, nikasikia watoto ndani wakikariri wimbo wa sikukuu.

Sijui ni nani aliyeikata. Shaba inanunuliwa na watu hawaulizi imetoka wapi. Siandiki barua hii kumtafuta.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Direkta Masumbuko, aliyeshika kiti chako. Alikuwa anapanga orodha ya wageni. Nilipomwambia, aliweka kalamu chini, akafunga mlango.

"Madame, ni weye mwenyewe umeona?"

"Ni miye."

"Kuko mutu mwingine anajua?"

"Hapana."

"Basi usiseme na mutu. Siye tunajuana hapa. Ukitaja tu radi, watu banasikia jina ya baba yako. Tufanye kwanza sikukuu, kisha nitaita fundi."

Baba, nilikubali. Nataka ujue hilo kwa kinywa changu. Siku ya pili nilinyamaza, siku ya tatu nilinyamaza. Nilifundisha, nilisahihisha madaftari, nilimsaidia Neema kujifunza hotuba yake. Nikitoka nje nilipita upande mwingine ili nisiuone ukuta ule. Nilijiambia mvua inaweza kukosa kunyesha. Nilimwonea aibu Mama Amani hasa. Anauza chai mbele ya shule, na ni yeye aliyeombwa kupika wali wa wageni. Kila asubuhi tulisalimiana, na kila asubuhi nilibeba neno lile mdomoni na kupita nalo.

Siku yenyewe iliamka na jua safi. Watoto walipiga gwaride, mashati meupe, soksi zimevutwa mpaka magotini. Wazazi wa Djugu walikaa na wazazi wa mjini, wamechanganyika, jambo ambalo ungependa kuliona. Neema alisoma hotuba yake bila kuangalia karatasi, na baba yake, mwanaume mkubwa mwenye mikono ya jembe, alilia wazi mbele ya watu. Kwa saa nzima nilisahau.

Halafu upepo ulibadilika. Ulitoka upande wa ziwa, wa baridi, ukainua vumbi na kuangusha viti vya plastiki. Mawingu yalikuja chini chini, rangi ya chungu kilichoungua. Baba Zawadi akachukua mikro ya kusemea, akasema kwa furaha watu wote waingie ndani, watoto kwanza. Na ndani ni wapi? Ni kalasi ya tano na ya sita, ambako tulikuwa tumeondoa ukuta wa mbao wa katikati ili pawe ukumbi.

Waliingia wote. Walikaa kwenye mabenchi, chini, madirishani, wakubwa wamepakata wadogo. Waliwasha bafle, spika za muziki. Ngurumo ya kwanza ilikuwa mbali, na watoto waliipigia kelele wakicheka. Ya pili haikuwa mbali. Nilimtafuta direkta kwa macho. Alikuwa ananiangalia mimi, kisha akaangalia viatu vyake.

Ndipo nilisimama, nikachukua mikro mkononi mwa Baba Zawadi. Sauti yangu ilitoka kwenye bafle ikiwa kubwa kuliko nilivyotaka.

"Batoto wote, tunatoka. Tunateremka kanisani, sasa hivi. Waya ya radi imekatwa."

Muziki ukazimwa. Baba Zawadi alikuwa wa kwanza kupata maneno: "Madame, ikala chini! Usituletee maneno ya baba yako siku ya sikukuu!"

Hakuna aliyetikisika. Watu wazima waliniangalia, na niliyaona macho yale yale ya parsele yetu, jioni ile. Kisha Neema akasimama mbele kabisa. Aliuliza kama anavyouliza kila siku kengele ikilia: "Madame, tupange mustari?" Nikasema ndiyo. Kalasi yangu ikasimama, wawili wawili, mikono mabegani, wakaanza kutoka kwenye mvua. Wengine wote wakabaki wamekaa.

Mama Amani alikuwa mlangoni na sufuria ya wali. Aliiacha ianguke.

"Mutoe batoto!" alipiga kelele. "Miye wangu baliniletea mikononi! Mutoe batoto bote!"

Kwa sauti yangu hawakuamka. Kwa yake waliamka. Walitoka kwa milango, kwa madirisha, wakiteleza kwenye tope, akina mama wakivuta yeyote waliyemshika. Kanisa liko chini, ng'ambo ya barabara. Nilikuwa wa mwisho uwanjani, na nilikuwa sijafika barabarani ilipopiga.

Sitaweza kukueleza sauti ile. Ulikwisha kuisikia. Nilipogeuka, mlango wa ukumbi ulikuwa unatoa moshi, na bafle zilikuwa zinawaka moto mdogo wa kijani. Ubao umepasuka katikati. Benchi walilokalia watoto wa kalasi ya kwanza, kando ya ukuta wa waya, lilikuwa jeusi. Hakuna mtoto aliyeguswa, baba. Hata mmoja.

Kanisani nilifikiri watu wataimba. Walihesabu watoto, maji yakiwatiririka. Kisha Baba Zawadi akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ulijua namna gani?"

Nilieleza. Waya, ukuta, shimo, siku niliyoiona. Nikasema nilimwambia direkta. Wote wakamgeukia. Direkta Masumbuko alipangusa uso kwa kitambaa.

"Hakuna kitu aliniambia," alisema.

Walipanda kwenda kuangalia ukuta. Ulikuwa umeungua toka juu mpaka chini, vibanio vimeyeyuka, kipande cha juu cha waya kimepotea, na shimo limejaa tope. Nani sasa atajua kilichokatwa na mtu na kilichokatwa na radi? Kesho yake nilipokwenda kisimani, wanawake waliokuwa kwenye foleni walinipa nafasi ya mbele. Hawakufanya hivyo kwa heshima. Walivuta watoto wao kando ili nipite.

Juma lililofuata komite ilikaa. Hawakunifukuza, matokeo ya imla yalinilinda kidogo. Lakini waliamua kwamba neno radi lisitajwe tena katika shule, wala na mwalimu, wala na mwanafunzi, kwa sababu mwenye kulitaja anaiita radi. Juu ya waya mpya walisema itaangaliwa baada ya mitihani. Juu ya fimbo hawakusema kitu, na hakuna anayetaka kupanda kuigusa. Imepinda kidogo, lakini bado imesimama. Watoto wamerudishwa katika jengo lile lile, kwa sababu hakuna jingine. Kila mchana, wingu likipita, mabenchi yote yananyamaza na watoto wananiangalia usoni ili wajue kama waogope. Nami ninaendelea kuandika ubaoni, kwa sababu nimekatazwa kusema.

Jana Mama Amani alinijia nyumbani. Alikaa kwenye kiti chako bila kujua ni chako. Alikunywa maji yote ya kikombe kabla ya kusema.

"Ile asubuhi baba yako anaenda, alipita kwangu. Aligonga. Nilikuwa ndani, nilimusikia anasema pole, anasema jina ya mutoto. Sikufungua."

Nilimwambia hukuwahi kunisimulia. Akaitika kwa kichwa, kama mtu aliyetarajia hivyo. Kisha akauliza kama nami nitapanda lori.

Nimelifikiria, baba. Shangazi ana chumba kule Kasenyi, na watoto wa wavuvi uliokuwa unawafundisha kusoma hawana mwalimu tena. Lakini nikiteremka, nani atabaki anayejua kilicho juu ya vichwa vya watoto hawa? Mvua za mwezi wa tano hazijaisha.

Kwa hiyo barua hii sikuiandika kwa ajili yako peke yako, unisamehe. Nimeinakili kwa mwandiko mkubwa, na kesho asubuhi, kabla ya kengele, nitaibandika kwenye lango la shule, mahali wazazi wanapoachia watoto. Humu neno lile nimeliandika kila lilipohitajika. Humu kuna cheo chako cha direkta, na kuna jambo nililomwambia direkta na siku niliyomwambia. Mama Amani amesema atasimama karibu nayo ili mtu asiichane kabla haijasomwa. Nimemwambia huenda watatupiga mawe. Amesema atakuja saa kumi na mbili na nusu, ili tupate mahali pazuri pa kusimama.

Lala salama katika mchanga ule. Nikikaa kimya muda mrefu, usidhani nimekusahau.

Mimi, yule uliyemwita Mama,
binti yako, mwalimu wa kalasi ya tano