Doa Kwenye Panja la Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Nimemaliza vipele vya pua, mdoli wa tatu. Vitone vyeupe kwa ncha ya kijiti cha meno. Macho yanauma.

Mwalimu wa chuo cha uuguzi anataka midoli sita na hataki sura za kuvutia. Anataka watoto kama wanavyozaliwa: mikwaruzo ya kucha, ngozi inayobanduka, alama ya bluu matakoni. Anasema mwanafunzi wake mmoja aliiona alama hiyo ya bluu akaanza kumgombeza mama wa watu, eti kampiga mtoto. Nimecheka mpaka nimemwaga rangi. Wateja wangu wa Bukoba wakiona kipele kimoja wananirudishia mdoli. Leo nasifiwa kwa kuharibu.

Gesi inaelekea kuisha. Kila tabaka la rangi lazima lichomwe kwenye oveni, lipoe, ndipo lije lingine. Kichwa kimoja tabaka saba.

Wa sita unatakiwa uwe na doa jekundu la kuzaliwa. Mahali nichague mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi. Majivu

Nimepakwa majivu asubuhi, nimerudi nyumbani kupaka doa.

Nimejaribu mara tatu. Linatoka kama lipstiki. Nimefuta, nimepaka, nimefuta. Mwishowe nimefungua ile picha kwenye simu.

Anjela. Mtoto wa kaka yangu Deus na wifi yangu Jovina. Aliishi wiki saba, akatutoka Julai. Nilijipiga naye picha hapa barazani baada ya misa, nimevaa fulana ya kwaya, yeye kalala mkononi mwangu. Doa lake lilikuwa kwenye panja, rangi ya kahawa iliyoiva mtini, kingo zimechanikachanika. Doa la namna ile mtu habuni.

Nimelinakili. Limetoka sawasawa. Nikapiga makofi peke yangu jikoni, mwanamke mzima, majivu usoni.

Alhamisi, 6 Machi

Jovina amekuja kushona. Jumanne na Alhamisi ndizo siku zake. Anashona miili ya kitambaa, anaijaza pamba na mchanga wa mtoni niliouosha, ili mdoli uwe na uzito wa mtoto. Hatumii mzani. Anaupakata, anasema, "Huu mwepesi, dada. Ongeza." Hakosei.

Kazi hii nilimpa mwenyewe baada ya msiba, nikajiona mtu mwema.

Wa sita nimeuficha chumbani, ndani ya boksi, juu yake kitenge. Siku nzima nimekaa kama nimekalia siafu. Alipotaka kwenda kuchukua uzi chumbani nilimkaripia, nikasema kaa, nitaleta mimi. Akashangaa. Sijawahi kumkaripia.

Jumapili, 9 Machi

Padri amehubiri toba. Foleni ya kitubio ilikuwa ndefu, nikajiambia nitakuja wiki ijayo. Uongo. Foleni haikuwa ndefu.

Basi nijiungamie hapa. Siku ya maziko Deus alichukua simu ya Jovina akafuta picha zote za mtoto. Wazee walisema asizione, asahau upesi, azae mwingine. Mimi nilikuwepo. Niliitikia kwa kichwa. Krismasi Jovina alikuja hapa, tunamenya ndizi, akaniuliza bila kuinua macho: "Dada, wewe huna hata moja?" Nikasema sina.

Niliona namhurumia. Labda. Lakini sasa nimeitumia ile picha, na huruma yote imeoza. Mama wa mtoto hana, mimi ninayo, na nimeifanya kielelezo cha kazi.

Jumanne, 11 Machi

Jovina amekuja. Nimempa chai na kiporo cha ebitoke, ndizi za jana, nimemchekea kupita kiasi. Akaniuliza kama naumwa.

Mwalimu kapiga simu, kesho kutwa anafuata midoli yake. Niliupa wa sita tabaka la mwisho Jovina alipokwisha ondoka. Nilifikiria kufuta doa. Sikufuta. Lilikuwa zuri, na nilitaka mwalimu alione. Ndivyo nilivyo.

Jumatano, 12 Machi

Ameuona.

Haikuwa siku yake. Alikuwa anatoka Nyakakika kwa mama yake, akapita kuniachia mbegu za maharage. Mimi niko nyuma shambani natoa majani makavu ya migomba. Wa sita nilikuwa nimeuchoma asubuhi, nimeuweka mezani upoe. Niliposikia "Hodi" nilikimbia na kisu mkononi, nikamkuta ameshaingia.

Hakuugusa. Alisimama tu, mfuko wa mbegu kifuani. Mawe, mama yangu! Afadhali angepiga kelele.

Baadaye akasema, "Lilikuwa kulia."

Sikuelewa. Akajigusa panja lake la kulia. Nikatazama mdoli. Doa liko kushoto.

Nikasema nimekosea, nilipaka kwa kukumbuka tu.

"Ungekumbuka ungeweka kulia, dada. Ulimbeba kila Jumapili." Sauti ya chini kabisa. "Simu ndiyo hugeuza, mtu akijipiga. Ile siku ya fulana ya kwaya. Unayo."

Nikasema ninayo.

Akaweka mbegu chini, taratibu, akatoka. Hakuaga.

Nimekaa na simu mpaka chaji imekaribia kwisha. Maandishi ya fulana yangu yanasomeka kinyumenyume, yako wazi, kipofu angeona. Miezi minane naitazama picha hii na sijaona. Kibaya zaidi, nimefumba macho nimtafute Anjela mwenyewe, doa lake lilikuwa wapi. Linakuja kushoto. Nimemsahau mtoto, nimebaki na picha. Nina aibu.

Alhamisi, 13 Machi

Nimelifuta doa kwa asetoni kabla mwalimu hajafika. Tabaka kwa tabaka, pamba inageuka nyekundu. Panja limebaki na weupe kidogo. Mwalimu alikuta sita, akauliza doa liko wapi. Nimemwambia doa lile halikuwa langu. Kanitazama kama nimechanganyikiwa. Amechukua midoli mitano, wa sita kauacha.

Jovina hakuja.

Jumamosi, 15 Machi

Nimekwenda kwao na simu. Deus alikuwa mlangoni, alishajua. Akanifokea, "Unamrudisha nyuma, alikuwa ameanza kupona!" Nikamjibu hajapona, amenyamaza, na mimi na wewe ndio tuliomnyamazisha. Sijui maneno yale yalitoka wapi.

Jovina alipokea simu kwa mikono miwili. Aliangalia muda mrefu. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, kama mjinga, mpaka akaniletea kigoda.

Nilimtumia picha kwenye simu yake, nikamwomba msamaha. Akasema amesikia.

Jumanne, 18 Machi

Hakuja.

Nimeshona mwili mmoja mwenyewe. Umepinda.

Alhamisi, 20 Machi

Amekuja. Amenisalimia, "Habari za hapa." Si shikamoo. Nimeitikia nzuri.

Ameshona miili miwili. Amefumua ule wangu, akaushona upya. Mvua imenyesha saa sita, tukaingiza kahawa iliyoanikwa, tukarudi kukaa.

Alipokuwa anajiandaa kuondoka akatoa bahasha. Alikwenda Kayanga jana kwa mwanamke wa studio, akageuziwa picha, akasafishiwa. Doa liko kulia. Mimi aliomba nikatwe. Fulana, uso, vyote vimeondoka.

Mkono wangu umebaki, chini ya kichwa cha mtoto. Mwanamke wa studio alimwambia huo hautoki, ukikatwa na mtoto anakatika.

Akairudisha kwenye bahasha. Akauliza Jumanne kuna kazi. Nikasema ipo.