Nilikitupa Chooni

Jumatano, Chamazi. Mvua imepiga asubuhi yote, ikakatika nilipomaliza kuanua nguo zilizokwisha kulowa. Siku imeanza kwa uchuro.

Ganzi ya sindano ya daktari inaisha. Mdomo unapwita upande wa kushoto, na mie nimekaa mbele ya cherehani bila kushona chochote.

Ninaogopa. Sina namna nyingine ya kulisema.

Mnaonisoma siku zote kwenye blogu hii mnakijua kile kinyama. Kiliota kwenye fizi, palepale ninapokatiaga uzi kwa meno, maana sie mafundi cherehani mkasi tunao lakini meno hatuyapumzishi. Kilikuwa kama punje ya dengu, hakiumi. Nikafanya kama bibi yangu alivyokuwa akifanya kwa chunjua za mkononi: nikakifunga uzi mweusi wa nailoni, mafundo mawili, nikakaza. Siku ya nne kikadondoka nikinywa chai. Nikakitema, nikaenda kukitupa chooni, nikajipigia kigelegele peke yangu.

Halafu, kwa kiherehere changu, nikaandika hapa. Nikaeleza uzi gani, mafundo mangapi. Nikawacheka wanaopanga foleni hospitali.

Kimerudi. Sasa ni kikubwa, chekundu, kinatoka damu nikipiga mswaki, na jino la pembeni linacheza. Leo mume wangu ndiye aliyenikokota kwa daktari bingwa wa kinywa. Mie nilikuwa nishatoa uzi kwenye droo nikifunge tena.

Daktari ni binti mpole, kaniamkia shikamoo kabla ya kuvaa glavu. Akanipapasa shingo, akanipiga picha ya taya, akakata kipande kidogo cha kupeleka maabara. Kaniambia vinyama vya fizi mara nyingi huwa si vibaya, ila hiki hawezi kukisemea kwa macho, na mfupa chini yake umeanza kulika. Akauliza kama kimewahi kutolewa. Nikamsimulia habari ya uzi, kwa sauti ndogo.

"Kilichodondoka kiko wapi, mama?"

"Nilikitupa chooni."

Hakunigombeza. Aliweka tu kalamu chini. "Tungekipima kile, mama, saa hizi tungekuwa tunatibu."

Majibu ni wiki mbili. Ikiwa ni kansa, watakata na kipande cha taya. Nitakulaje? Nitaongeaje na watoto wangu? Nimelia kwenye benchi mpaka mume wangu akaniinua turudi nyumbani.

Na bado hilo silo linaloniumiza kuliko yote.

Nimerudi nyumbani nikafungua blogu. Chini ya ile posti yangu ya uzi kuna mama mmoja, kajitaja tu kuwa wa Kimara, ameandika jana: asante sista, na mie nimemfunga binti yangu kinyama chake cha fizi, ana miaka tisa, tunasubiri kidondoke.

Nimemjibu mara sita. Kimya. Jina hajaweka, namba hajaweka.

Nilitaka kuifuta ile posti nisiaibike. Nimeiacha, nikaandika juu yake kwa herufi kubwa kwamba nilikosea, maana akirudi kusoma atarudi palepale.

Mama wa Kimara, mimi si daktari, ni fundi cherehani mwenye kiherehere. Usiukaze tena huo uzi. Mpeleke mtoto hospitali.

Na kama kimeshadondoka, nakuomba, usikitupe. Nenda nacho.