Yule Aliyebaki Nyuma ya Kioo

Jumapili, saa kumi na mbili za jioni. Mvua ya asubuhi imeacha matope kila mahali. Ziwa limetulia, mimi sijatulia.

Wewe ukurasa wangu, leo nina maneno mengi kuliko vidole. Nimeiona ile filamu. Nimeiona!

Kama kuna mtu mwingine anayesoma hapa, nianze mbali kidogo. Miaka saba iliyopita, wiki yangu ya kwanza Kalemie, niliingia katika sinema ya Papa Mulongo. Ni chumba cha mabati karibu na soko, kina mabenchi ya mbao na televisheni moja kubwa. Nilikuwa mgeni, nimetoka kwetu pande za Baraka kwa boti, mabega yamechubuka kwa magunia ya simenti bandarini, na sikuwa na mtu wa kuongea naye. Siku ile alionyesha filamu ya chombo cha angani ambayo hapa tunaiita Mlango wa Chuma. Jina lake la Kizungu hakuna anayelikumbuka.

Habari yake ni hii. Dunia ya watu fulani imekauka. Walio hai wanasafiri angani katika meli kubwa kuliko mji, wanatafuta dunia nyingine yenye maji. Kapiteni wao ni kijana. Kila siku anaingia katika chumba kidogo, anawasha kioo, na ndani ya kioo anatokea mwanaume mwenye ndevu, aliyebaki peke yake kule kulikokauka. Wanaongea kidogo. Kioo kinazimika. Filamu inaisha meli ikiwa bado njiani.

Sasa, kwa Papa Mulongo filamu haionyeshwi hivi hivi. Yeye anasimama kando ya televisheni na kipaza sauti, sauti ya Wazungu anaishusha, halafu anaongea kwa niaba ya wote: mwanaume, mwanamke, mashine, hata mbwa. Bila yeye tungekuwa tunaangalia midomo tu. Na siku ile, mwenye ndevu alipotokea kwenye kioo, Papa Mulongo alitufanyia sauti nzito, ya taratibu: «Mdogo wangu, enda. Mimi nilibaki kwa kupenda kwangu. Nitalinda kaburi la mama yetu. Usigeuke nyuma.»

Watu walilia. Wanaume wa bandarini, wenye shingo kama nguzo, walijifuta macho kwa mikono yenye simenti. Mimi nililia kuliko wote, maana mimi pia nilikuwa nimemwacha kaka yangu nyumbani. Yaya Wilondja. Yeye mkubwa, ndiyo maana ninamwita yaya, mimi mdogo. Nilitoka mle ndani nikiwa mwepesi, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Filamu ile nimeishi nayo miaka saba.

Mwaka jana habari zikafika kwamba wenye filamu wanatengeneza nyingine. Siyo ya mbele, ni ya nyuma: itaeleza meli iliondoka namna gani, na kwa nini yule kaka alibaki. Tangu hapo bandarini hatukuwa na mazungumzo mengine. Rafiki yangu Kisimba, ambaye mdomo wake hauchoki hata akibeba magunia mawili, alisema kaka alibaki kwa sababu ya mwanamke. Kapita wetu, yaani mkubwa wa kikundi chetu, alisema alibaki kwa sababu alikuwa mgonjwa. Mimi nikasema alibaki kwa upendo, na nilikuwa tayari kupigana.

Leo, baada ya kanisa, hakuna aliyekwenda kwake kula. Tulikwenda moja kwa moja na nguo za kanisa. Mabenchi yalijaa, watu wakakaa chini, kapita wetu naye alikaa chini kwenye udongo na suruali yake nyeupe. Mama Ngoie, anayetuuzia mandazi bandarini, aliingia na beseni lake kichwani na kukataa kuliweka nje.

Ikaanza. Sina uwezo wa kuieleza vizuri, niliacha shule mwaka wa pili wa sekondari, minerval, yaani karo, ilipokosekana. Lakini jaribu kuona: ardhi nyekundu iliyopasuka, vumbi, na katikati meli imesimama wima, kichwa chake kimepita mawingu. Halafu chini yake, wadogo kama siafu, watu. Mistari ya watu. Wana magunia mabegani!

«Ni sisi!» Kisimba aliruka juu ya benchi. «Jamani, ni sisi! Angalia ule, anabeba kama Etabo!»

Etabo ni mimi. Na kweli, yule aliyebeba kama mimi, shingo imeinama kushoto, alikuwa kapiteni wetu, kabla hajawa kapiteni. Kumbe alikuwa mbebaji wa mizigo! Sinema nzima ilipiga kelele, mabati yakatetemeka. Nilijisikia mrefu. Nilitamani simenti yote ya dunia inione.

Lakini kulikuwa na zaidi. Mlango wa ile meli, mlango wa chuma wenyewe, umeharibika. Haufungiki bila mtu kushika mkono wa chuma kutoka nje. Kwa hiyo wabebaji wanaushika kwa zamu, leo wewe, kesho mwingine, wakati wenzake wanapakia.

Hapo sikuhitaji mtafsiri. Sisi ndivyo tunavyofanya. Boti ya mizigo ikifunga gatini, mmoja wetu anabaki chini ndani, kwenye vumbi, kazi yake ni kuwatwika wenzake magunia. Siku nzima anainua, wengine wanatoka na mzigo, wanaona jua, wanavuta hewa, wanarudi. Yeye hatoki mpaka boti iwe tupu. Ndiyo maana tunapeana zamu, hakuna anayependa.

Basi jua limewaka vibaya, meli lazima iondoke siku hiyo hiyo, na aliyeko kwenye mlango ni yule mwanaume, bado hana ndevu. Kijana anamkimbilia. Wanaangaliana. Midomo inacheza.

Papa Mulongo akanyamaza.

Tulingoja. Midomo inaendelea kucheza, kipaza sauti kimya.

«Tafsiri!» watu walipaza sauti. «Papa, tafsiri!»

Alisimamisha filamu. Alifuta uso kwa kitambaa. «Wapendwa,» alisema, «banaulizana majina.»

«Namna gani banaulizana majina?» Kisimba alikuwa bado juu ya benchi. «Ndugu wa tumbo moja?»

«Hawako ndugu.»

Kelele zilizofuata siwezi kuziandika. Mmoja alisema waliotengeneza filamu hii hawakuona ile ya kwanza. Mwingine alisema turudishiwe viingilio. Kapita wetu alinyoosha mkono kama mwanafunzi, akauliza kwa heshima: «Papa Mulongo, sasa ile ya kwanza, maneno ya kaburi la mama, yalitoka wapi?»

Mzee yule alikaa kwenye ukingo wa meza. Nilimwonea huruma.

«Ile mwaka sikujua Kingereza sana,» alisema. «Kidogo tu, cha sokoni Kigoma. Bale walikuwa wanaongea mbio mbio. Na ninyi mulikuwa mumejaa, munaniangalia. Nikaona muntu anaangalia muntu kwenye kioo, na macho ya maji. Nikasema, hawa njo ndugu. Nikaweka maneno yangu.»

«Kumbe nililia maneno yako!» alisema Kisimba.

«Yalikuwa mazuri, ao hapana?»

«Mazuri sana, mwongo weye!»

Watu wakacheka, nami nikacheka. Tangu mwaka ule, Papa Mulongo alisema, amejifunza na wafanyabiashara wa Kigoma, sasa anasikia kila kitu. Akatuuliza tunataka nini: aendelee na ndugu kama tulivyozoea, au aseme wanachosema wao? Tulipiga kura! Kwa mikono. Waliotaka ndugu walikuwa wengi, na mkono wangu ulikuwa wa kwanza juu.

Ndipo Mama Ngoie alisimama na beseni lake. «Nimeacha mandazi yangu kuuzwa, nimekaa hapa juu ya kujua ukweli. Mukitaka uongo, muende nyumbani, mutadanganyana bure. Papa, sema banachosema.»

Hakuna aliyembishia. Filamu ikaendelea.

Na hiki ndicho wanachosema. Zamu ya kushika mlango siku ile ilikuwa ya kijana. Alichelewa. Yule mwingine, asiyemjua hata jina, alikuwa ameshika badala yake. Kijana anamwambia: «Shika, sisi tuondoke, nitarudi kukuchukua. Mwaka mmoja.» Mwanaume anatikisa kichwa, anashika, mlango unafungika. Meli inapanda. Hapo wote tulisimama. Moto ulijaa televisheni nzima, na yeye, mdogo kule chini, amejifunika uso. Sijawahi kuona kitu kikubwa hivyo maishani mwangu.

Halafu mwisho wake. Chumba kidogo, kioo, ndevu zimeshaota. Ni picha ile ile ya filamu ya kwanza, uso ule ule, macho yale yale ya maji. Safari hii Papa Mulongo alisema polepole, bila kubadilisha sauti:

«Munarudi siku gani?»

Na kapiteni: «Karibuni.»

Giza. Majina ya Wazungu yakaanza kupanda.

Nje, matopeni, maoni yalikuwa mengi kuliko watu. Kisimba alisema ni filamu bora kuliko zote kwa sababu hatimaye wametuonyesha wabebaji, na kwamba vita vya angani vimekuwa vichache mno. Kapita alisema ya kwanza ilikuwa na moyo, hii ina ukweli, na yeye anapenda moyo. Wengine wanasema watatafuta ya kwanza waione upya, kwa maneno ya kweli. Mama Ngoie alikuwa anauza mandazi kwa kasi, akasema ndugu au si ndugu, aliyesema mwaka mmoja alisema mwaka mmoja.

Sasa maoni yangu.

Ni nzuri mno. Nimeichukia katikati, nimeipenda mwisho. Lakini kuna jambo sijawahi kuandika hapa. Yaya Wilondja hakuniambia niende. Hakuniambia atalinda kitu chochote. Baba alipokufa, mmoja wetu alipaswa kubaki na mama na shamba la mihogo, na mmoja kutafuta kazi. Mkubwa ndiye aliyepaswa kutoka, alishafunga hata mfuko. Mimi nikaomba nitangulie. Nikasema mwaka mmoja, halafu tutabadilishana. Alitikisa kichwa tu.

Maneno ya kubariki niliyapata kwa Papa Mulongo.

Yaya hupiga simu kila mwezi. Anauliza kama kazi iko, kama mvua iko, kama boti za kwenda kwetu zinatembea vizuri siku hizi. Miaka saba ananiuliza habari za boti, na mimi miaka saba ninamjibu habari za boti! Mama alipokufa, mwaka wa tatu, nilituma pesa ya jeneza na nikabaki kazini.

Baada ya filamu nilishuka ufukweni nikampigia mimi, kwa mara ya kwanza sijui tangu lini. Alidhani kuna msiba. Nikamwambia hapana, Yaya, ni filamu. Nikamsimulia yote: ile ya kwanza ya uongo, hii ya pili, kura, beseni la Mama Ngoie. Alicheka hata akakohoa. Alinisimamisha mara mbili nirudie namna meli inavyopanda. Nilikuwa nimesahau kwamba yaya wangu anapenda hadithi.

Nikamuuliza: «Yaya, kwa wewe, ipi ni nzuri?»

«Yule wa kwenye kioo,» alisema, «alikuwa anakula na nani?»

Sinema nzima ile, watu wote wale wenye midomo, hakuna aliyeuliza. Mimi ile ya kwanza nimeiona mara nyingi, sijui. Haionyeshwi. Yaya hakuoa, na tangu mama aondoke nyumba ile ina sahani moja.

Sikuweza kumwambia «karibuni». Neno lilikuja mpaka kwenye meno nikalirudisha. Nikamuuliza kama mfuko wake bado uko. Akasema mfuko gani. Kisha akasema panya wameula upande mmoja, lakini unashonwa.

Kesho asubuhi boti ya simenti inafunga, na ni zamu yangu kukaa chini kuwatwika wenzangu. Nitawatwika mpaka gunia la mwisho, kisha nitatoka nimwambie kapita atafute shingo nyingine. Alhamisi kuna boti ya kwenda Baraka. Nitakwenda nayo, nikakae shambani, Yaya aje huku. Kisimba atampokea. Papa Mulongo nimeshamwomba airudie filamu siku yaya atakapofika, na ameniahidi kutobadilisha neno hata moja.

Ila meli ikipanda, nimemwambia, aongeze sauti mpaka mwisho.