Wiki Mbili Zisizo na Namba

Mikumi, Kilosa
16 Machi 2025

Mpendwa shemeji Irine,

Dada yako Odilia amekufa. Ilikuwa Jumanne tarehe nne, saa tatu asubuhi, homa ya mapafu. Kwenye simu ulilia tu, hata sikukueleza vizuri. Ndiyo maana naandika.

Wewe hujambo? Mwanao mguu umepona? Mimi mzima, nakula. Mama yenu hajambo, ila kutwa yuko jikoni, hataki mtu ampokee mwiko.

Tulimzika kwenu Kidete. Mvua, tope, gari likakwama. Jeneza likabebwa kwa mabega. Watu walikuja wengi, na kwaya yake yote.

Sasa ile kazi yangu ya hotelini, uliyokuwa unanicheka eti nimeajiriwa kuangalia maji. Ubaridi wa jengo lile lote unatoka ardhini. Mashine inashusha maji ya moto kwenye mabomba yaliyofukiwa, yanarudi yamepoa. Nasoma joto la yanayoshuka na yanayorudi, asubuhi na mchana, mwaka wa nne huu. Wenye mashine wanataka kujua kama ardhi nayo itachoka.

Mimi nilikuwa nasoma tu, kuandika kunanishinda. Mwandishi wa daftari alikuwa dada yako. Nilikuwa nakariri namba njiani, nikifika nyumbani namtajia. Hotelini walidhani mwandiko ni wangu. Nikaogopa wakijua wataniondoa.

Alipolazwa nilikaa naye, kisha msiba. Wiki mbili hakuna aliyesoma. Simoni, msimamizi wetu, akaja kunipa pole, akaniambia nijaze kwa kunakili namba za mwezi uliopita kabla injinia hajaja kukagua. Alinitakia mema. Nilishika kalamu. Nikaona mwandiko wa Odilia ulipoishia, nikashindwa kuweka uongo chini yake.

Jana Injinia Yared akaja. Nikampa daftari.

"Aliyeandika ni marehemu mke wangu," nikamwambia. "Wiki mbili hizi sikusoma."

Simoni akatazama chini. Injinia akafunua kurasa moja moja.

"Wiki mbili tupu nazivumilia," akasema. "Ungebuni, miaka yote minne nisingeiamini."

Akanionyesha. Maji yanayorudi yamepanda digrii mbili tangu mwaka wa kwanza, kidogo kidogo. Ardhi inapata joto, itabidi wachimbe mashimo mengine. Asingeliona hilo kama Odilia angeruka siku.

Akaniambia niandike namba, aone mwandiko wangu.

"Hii nne au tisa?"

"Nne, mzee."

"Basi iandike kubwa. Kazi bado ni yako."

Halafu akauliza jina kamili la dada yako. Nikamtajia, akaliandika kwenye karatasi za ripoti yake.

Kitenge chake cha kwaya nimekuwekea. Njoo ukichukue mwenyewe, usimtume mtu.

Msalimie mume wako na watoto wote. Jirani yenu Teresia mwambie kaniki ya msiba aliyotuma ilifika. Mungu awalinde huko, akupe usingizi.

Kesho narudi kazini.

Shemeji yako akupendaye,
Theodory