Dripu Moja, Mapacha Wawili

Mpendwa pacha wangu Kulwa,

Nakuandikia kutoka nyumbani Ngokolo, nimekalia kile kiti chako cha kamba ulichokuwa hutaki mtu akiguse. Njoo uninyang'anye.

Unakumbuka mama alivyotulea? Dawa ya mmoja ilikuwa dawa ya wote. Ukiumwa malaria wewe, mimi mzima wa afya nameza vidonge na kukunja sura, nawe unacheka. Mapacha hawabaguliwi, alisema. Ukimtibu mmoja peke yake, mwenzake ataumwa.

Ndiyo maana sikushangaa siku ile Mwanza. Ulitoka machimboni Kharumwa na uvimbe shingoni, tukadhani ni mitoki ya jino bovu. Hospitali wakakata kipande cha nyama wakakipima, wakasema ni saratani ya matezi, tena aina adimu. Muuguzi alipokutundikia dripu ya kwanza, mama akanivutia kiti kando ya kitanda chako, akanikunjia mkono wa shati.

"Na huyu je?"

"Huyu haumwi, mama."

"Ni pacha wake. Mtampaje mmoja?"

Ulicheka mpaka muuguzi akakuomba utulie. Nilicheka pia, lakini nilikuwa naogopa, maana swali la mama lilikuwa langu.

Nikamfuata daktari nje. Sisi ni wa yai moja, nikamwambia. Vinasaba vyake si ndivyo vyangu? Akanieleza taratibu kwamba ndani ya seli za uvimbe, vipande vya vinasaba vilikatika vikaungana mahali pasipo pake, na hayo yalitokea mwilini mwako ukubwani.

"Hamkuzaliwa na kasoro hii," alisema. "Ila aina hii tunaiona mara chache. Siwezi kukuapia kwamba wewe hutaipata."

Nilifurahi, Kulwa, kisha nikaona aibu. Tangu utotoni tuligawana hata punje ya karanga. Hili ulilibeba peke yako, nami nikashukuru.

Sasa hupo. Wajomba wa Masumbwe walipokuja msibani walinitazama kama ng'ombe aliyetoka kwenye zizi lenye ugonjwa. Na mama, kila asubuhi nikimwamkia, anaitikia marahaba huku kiganja chake kikinipapasa shingo, huku na huku. Leo kilikawia.

"Umeona nini, mama?"

"Sijaona kitu, ng'wana wane, mwanangu."

Lakini hakuutoa mkono, nami sikusogea. Sijui anatafuta uvimbe, au anakutafuta wewe.

Lala salama, Kulwa. Kiti nakutunzia.

Mwenzako wa tumbo moja,
Doto